Kadi imekubali, ila usifunge mzigo bado: jinsi ya kutumia CVV na uhakiki wa anwani dukani kwako

Mwaka wa kwanza nilipoanza kuuza picha za Tingatinga mtandaoni, niliamka asubuhi moja nikakuta oda ya picha nne kubwa, malipo yamekubaliwa. Nilizikunja turubai zile, nikaziingiza kwenye bomba la plastiki, nikampa kijana wa bodaboda aziwahishe kwa wasafirishaji kabla foleni ya Mwenge haijachanganya. Wiki sita baadaye kampuni inayonipokelea malipo ya kadi ikaniandikia kwamba mwenye kadi anakana kununua chochote, na pesa yake amerudishiwa. Shilingi milioni moja na laki nane zikakatwa kwenye akaunti yangu, ada ya shauri, yaani ya hayo malalamiko ya mwenye kadi, ikaongezwa juu yake, na picha zilikuwa zimeshafika kwa mtu nisiyemjua.

Nilipofungua rekodi ya oda ile, chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyatazama, palikuwa na maneno haya: CVV: M. Anwani: N. Herufi M ilimaanisha kwamba namba tatu za nyuma ya kadi zimelingana. Herufi N ilimaanisha kwamba anwani niliyopewa hailingani kabisa na ile iliyoko benki. Taarifa hiyo ilikuwa mezani kwangu tangu dakika ya kwanza.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaouza vinyago, vitenge, viungo au safari, mnaopokea kadi za watu msiowaona. Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni hili: benki ikisema malipo yamekubaliwa, imesema kadi iko hai na pesa ipo. Haijasema kwamba anayeitumia ndiye mwenyewe. Swali hilo la pili hujibiwa na vitu vingine, na vitu hivyo lazima uviwashe, uvisome na uvifanyie kazi wewe mwenye duka.

Hatua ya 1: Lazimisha CVV

Kadi za Visa na Mastercard zina tarakimu tatu nyuma, karibu na mahali pa sahihi. American Express zina tarakimu nne, nazo huwa mbele. Wengine huita CVV, wengine CVC, kazi ni ileile. Tafadhali usizichanganye na namba ya siri. Namba ya siri ni ile unayobonyeza kwenye ATM au kwenye mashine ya dukani.

Tarakimu hizi hazikuokotwa tu. Benki iliyotoa kadi huzikokotoa kutokana na namba ya kadi, tarehe ya kuisha na funguo za siri ambazo benki yenyewe ndiyo inazo. Kwa hiyo mtu akiwa na namba ya kadi na tarehe yake, hawezi kukaa chini na kalamu akaipata CVV. Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui: namba hii haimo kwenye ule utepe mweusi wa sumaku. Utepe una namba yake nyingine ya uhakiki, na chipu ina yake. Tapeli aliyenakili utepe wa kadi kwenye kituo cha mafuta anaondoka na namba na tarehe, lakini zile tatu za nyuma hanazo. Hata enzi zile kadi zilipokuwa zikikandamizwa kwenye karatasi ya kaboni, CVV haikutokea kwenye nakala, maana haijanyanyuliwa kama namba nyingine.

Basi ingia kwenye dashibodi ya kampuni inayokupokelea malipo, tafuta mipangilio ya usalama, na uweke sharti kwamba CVV isipolingana malipo yakataliwe. Usidhani hilo hufanyika lenyewe. Zipo benki zinazoidhinisha malipo huku zikikutumia jibu kwamba CVV si sahihi, ili uamue mwenyewe. Kama hujaamua, umekubali.

Lakini ujue pia mpaka wa nguvu zake. CVV inathibitisha kwamba anayeandika aliiona kadi, au alimlaghai aliyeiona. Mwaka 2018 wahalifu walipenyeza programu yao kwenye ukurasa wa malipo wa British Airways, wakawa wananasa namba za kadi pamoja na CVV palepale mteja anapozichapa. Kadi ya namna hiyo ikija dukani kwako, CVV italingana vizuri tu, kama ilivyolingana kwenye oda yangu ya picha nne. Ndiyo sababu hatuishii hapa.

Hatua ya 2: Usiiandike popote

Hapa nazungumza kwa uchungu, kwa sababu nimeona. Binti wa mama mdogo anafanya kazi kwenye ofisi moja ya safari hapa mjini. Siku moja nimempitia, nikaona juu ya meza kaunta buku ya kwaya mbili imefunguliwa. Safu ya kwanza jina la mgeni, ya pili namba ya kadi yote, ya tatu tarehe, ya nne CVV. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko mzuri wa bluu.

"Mdogo wangu, hivi ni vya nini?"

"Dada, wageni wenyewe ndio wanatutumia WhatsApp. Bosi anataka tuwe nazo, mgeni akighairi tumkate."

"Na hili daftari usiku linalala wapi?"

Akanionyesha droo. Haikuwa na kufuli.

Kanuni za usalama wa kadi zinazoitwa PCI DSS, ambazo makampuni ya kadi yalianza kuzitumia kwa pamoja mwaka 2004, zinakataza kuhifadhi CVV baada ya malipo kuidhinishwa. Zinakataza hata kama umeifumba kwa mfumo wa siri. Namba ya kadi yenyewe inaweza kutunzwa kwa masharti makali. CVV haina sharti linaloruhusu. Mantiki yake iko wazi: ikiwa kila duka litakuwa na daftari la CVV, basi kuijua hakutathibitisha tena kitu chochote.

Mgeni akikutumia picha ya kadi, ifute, kisha mjibu kwa upole na umtumie kiungo cha malipo aandike mwenyewe. Akikupigia simu akutajie tarakimu za kadi, zichape moja kwa moja kwenye mfumo huku anazitaja, usipitie kwenye karatasi. Kwa kumbukumbu zako tarakimu nne za mwisho za kadi zinatosha. Na kama unataka uwezo wa kumkata mteja baadaye, kampuni za malipo hutunza kadi kwao na kukupa alama ya kuiwakilisha. Omba huduma hiyo. Lile daftari tulilichana siku ileile, na bosi wake, baada ya kuelezwa, alikubali.

Hatua ya 3: Omba anwani ya bili, peke yake

Uhakiki wa anwani, au AVS kama unavyoandikwa kwenye mifumo, unafanya kazi rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Unachukua anwani aliyoandika mnunuzi na kuilinganisha na anwani ambayo benki yake hutumia kumpelekea taarifa za akaunti. Ila haulinganishi maneno. Unalinganisha tarakimu.

Tuseme mteja wa Chicago anaandika nyumba namba 1427, mtaa fulani, msimbo wa posta 60614. Kinachokwenda kulinganishwa ni 1427 na 60614. Jina la mtaa likikosewa herufi, hakuna neno. Namba ya nyumba ikikosewa, jibu linabadilika. Uingereza misimbo yao ya posta ina herufi ndani yake, mfano N16 8AB. Mfumo unaruka herufi na kubaki na 168. Kwa hiyo kule kulingana kwake ni ushahidi mwepesi kidogo kuliko wa Marekani.

Sasa fikiria namna sisi tunavyoelekezana. "Ukishuka Bamaga, ulizia kwa Mama Rehema, geti jeusi baada ya msikiti." Bodaboda anafika bila shida. Mashine haioni kitu hapo, maana hakuna tarakimu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imetubandikia namba milangoni, na kila kata ina msimbo wake wa posta wa tarakimu tano, lakini uhakiki huu wa anwani ulijengwa Marekani, na unatumika hasa huko, Kanada na Uingereza. Kwa kadi za kwetu, na za nchi nyingine nyingi, usiutegemee.

Unachotakiwa kufanya kwenye ukurasa wako wa malipo ni kutenganisha sehemu mbili: anwani ya bili na anwani ya kupelekewa mzigo. Andika wazi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mteja, kwamba anwani ya bili ni ile iliyoko benki. Mnunuzi mwaminifu anayemnunulia dada yake zawadi atajaza zote mbili bila kusita.

Hatua ya 4: Soma herufi kabla hujagusa mzigo

Herufi hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, na nyingine hukutafsiria kwa maneno. Kwa kadi za Marekani, hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

Y: namba ya nyumba na msimbo wa posta vyote vimelingana.
Z: msimbo wa posta umelingana, namba ya nyumba haikulingana.
A: namba ya nyumba imelingana, msimbo haukulingana.
N: hakuna kilicholingana.
U au G: benki haina taarifa au haishiriki uhakiki huu.

Nisikilize vizuri kuhusu hizi mbili za mwisho. N na U si ndugu. U ni kimya. Benki haijasema mtu ni mwongo. N ni jibu: benki imeangalia, ikakuta si hiyo. Nimeona wenzangu wakikataa kadi zote zenye U, wakapoteza wateja wa Ujerumani na Afrika Kusini waliokuwa wakweli kabisa, halafu wanaachia N ipite kwa sababu mteja anaandika ujumbe wa heshima.

Utaratibu wangu ni huu. Y na CVV imelingana, mzigo unaandaliwa. Z au A, natazama ukubwa wa oda: kikapu kimoja cha ukindu naachia, picha za milioni nasimamisha na kuuliza. N, nasimamisha daima, hata kama CVV imelingana. U au G, nahamia kwenye hatua ya 6 na ya 8.

Kusimamisha si kumtuhumu mtu. Kuna mama mmoja wa Marekani aliagiza vinyago viwili vya mpingo, jibu likaja N. Nikamwandikia: "Mama, benki yako inaonyesha anwani tofauti na uliyoandika. Naomba uhakikishe iliyoko kwenye taarifa yako ya benki." Usiku akajibu kwamba alihama miezi mitatu nyuma na hajabadilisha anwani yake benki. Akaandika namba ya nyumba ya zamani kwenye anwani ya bili, mpya kwenye ya kupelekewa, jibu likarudi Y. Tangu siku hiyo amenunua tena mara mbili. Na angalia sana: usimtajie wewe anwani iliyo sahihi au ni tarakimu ipi imekosewa. Mfumo hauioneshi, nawe usijaribu kumsaidia kukisia.

Hatua ya 5: Omba kibali kwanza, pesa ivutwe baadaye

Kwenye dashibodi nyingi kuna uchaguzi wa kugawa malipo mara mbili: kwanza kibali, ambapo pesa inashikiliwa kwenye kadi ya mteja, halafu kuivuta unapokuwa tayari. Chagua huo. Kibali kinadumu siku chache, kwa kawaida kama wiki, muda wa kutosha kusoma herufi na kuandikiana na mteja. Ukigundua mambo si mazuri, unafuta kibali. Pesa inaachiwa na shauri halizaliwi. Ukishaivuta, unaingia kwenye kurudisha pesa, na mwenye kadi halisi anaweza kuwa ameshalalamika.

Hatua ya 6: Kwa kadi zisizo na uhakiki wa anwani, washa uthibitisho wa benki

Huu ndio ule ukurasa unaomrudisha mnunuzi benki kwake, akatumiwa OTP, yaani namba ya kutumika mara moja tu, kwenye simu au akabonyeza kibali ndani ya programu ya benki. Jina lake la kiufundi ni 3-D Secure. Kwa kadi za Tanzania ndio ulinzi wako mkuu, maana anwani haitakusaidia. Una faida nyingine kubwa: mwenye kadi akishathibitishwa kwa njia hii, mara nyingi hasara ya udanganyifu inahamia kwa benki iliyotoa kadi, haibaki kwako.

Adui wake unamjua. Tumeshazoea jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", na wale wale hupiga simu wakijifanya watu wa benki, wakiomba OTP "kurekebisha akaunti". Wewe muuzaji usimwombe mteja OTP akutumie, kwa sababu yoyote. Inaandikwa na yeye, kwenye ukurasa wa benki yake. Ukipigiwa au ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo, peleka taarifa kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kupitia 15040.

Hatua ya 7: Weka ukomo wa majaribio

Tarakimu tatu zina uwezekano 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999. Kompyuta iliyoachiwa ijaribu bila kikomo itafika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba makisio yakisambazwa kwenye tovuti nyingi kwa wakati mmoja, tarehe ya kadi na CVV vinaweza kupatikana ndani ya sekunde chache, kwa sababu kila tovuti inaona makosa machache tu. Duka lako dogo la Sinza linaweza kuwa mojawapo ya tovuti hizo bila wewe kuuza hata kikapu.

Dalili yake ni hii: unaamka unakuta malipo arobaini ya usiku, ya dola moja moja, karibu yote yamekataliwa. Hao hawanunui, wanapima kadi. Weka ukomo wa majaribio matatu kwa kadi moja na kwa kifaa kimoja, na washa kile kipimo cha kutofautisha mtu na roboti. Yale machache yaliyopita, yarudishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Yale ambayo mashine haiyaoni

Mtu anataka kulipa zaidi ya bei, halafu ziada umtumie "wakala wa usafirishaji" wake kwa simu au benki. Huyo ni tapeli, na wachoraji na waongoza wageni ndio anaowapenda. Atalipa kwa kadi ya wizi, wewe utatuma pesa halali kwa wakala ambaye ni yeye mwenyewe, kisha malipo ya kadi yatarudi kwa mwenye kadi. Kataa hata kama herufi zote ni nzuri.

Mengine ni ya kupima kwa pamoja: kadi tatu tofauti zimejaribiwa kwa jina moja, mzigo unaenda kwenye ghala la kupokelea mizigo badala ya nyumba, anachukua vitu sita vinavyofanana, anasisitiza utume leo leo na bei ya usafiri haimshtui. Moja peke yake si kosa. Zikiwa mbili na herufi ni N au U, piga simu kwa namba aliyoandika, uzungumze naye.

Hatua ya 9: Tunza ushahidi, na ujibu kwa wakati

Mwenye kadi ana muda mrefu wa kulalamika. Kwa Visa na Mastercard mashauri mengi ya udanganyifu huruhusiwa hadi siku 120. Kwa hiyo kila oda ifungulie faili: majibu ya CVV na anwani, uthibitisho wa benki, maandishi mliyoandikiana, risiti ya msafirishaji na sahihi ya aliyepokea. CVV yenyewe haimo humo.

Barua ya shauri ikifika, tazama tarehe ya mwisho ya kujibu kabla ya kitu kingine. Ukichelewa umeshindwa hata kama una haki. Kama mzigo haujavuka uwanja wa ndege, mpigie msafirishaji auzuie; mimi niliwahi kuokoa bomba moja la picha kwa simu ya dakika nne. Kama umeshaondoka na ushahidi wako ni N uliyoiachia, usitumie nguvu kubishana na benki. Nenda kituo cha polisi, fungua jalada, chukua namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, iweke kwenye faili la oda ile, kisha jina, barua pepe na anwani iliyopokea mzigo uviingize kwenye orodha ya kuzuia kabla hujapokea oda nyingine.